Siku yangu chumba cha upasuaji, Tabora

Saa 1 asubuhi. Nakagua mashine ya usingizi, oksijeni, mashine ya kufyonza, kisha dawa kwenye friji.

Saa 3. Analetwa mzee kutoka Urambo, utumbo umejisokota.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, nisaidieni."

Tumbo limejaa, akitapika, matapishi yataingia mapafuni, kwa hiyo mpira wa hewa lazima upite haraka. Ketamini ya kumlaza, kisha suksamethoniamu ya kulegeza misuli. Naangalia kope: zinaanza kucheza, yanafuata mashavu, kifua, hadi vidole vya miguu. Halafu mwili wote unalegea.

Mtikisiko ule ni vipokezi vikifunguka. Pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli kuna kipokezi, protini ya vipande vitano vilivyojipanga duara, katikati tundu. Molekuli mbili za asetilikolini, kemikali ambayo mshipa wa fahamu hutoa kuuamuru msuli, zikijishika mahali pake, tundu hufunguka kwa muda mfupi mno, sodiamu inaingia, msuli unajikaza. Kimeng'enya cha jirani kinaikata asetilikolini papo hapo. Suksamethoniamu ni asetilikolini mbili zilizounganishwa, na kimeng'enya kile hakiiwezi; msuli unabaki hausikii amri mpya. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann walipima umeme unaopita kwenye tundu moja tu la namna hii, katika msuli wa chura. Mpaka leo jambo hilo hunistaajabisha.

Saa 6. Operesheni imekwisha. Vekuroniamu, dawa nyingine ya kulegeza misuli niliyoongeza baadaye, hukalia nafasi ya asetilikolini bila kufungua chochote. Nampa neostigimini, inayozuia kimeng'enya ili asetilikolini ijae na kuishinda vekuroniamu, pamoja na atropini ya kulinda moyo. "Mzee, nyanyua kichwa." Anakinyanyua, anakishikilia. Natoa mpira.

Saa 9. Naitwa wodini. Kijana alipulizia dawa ya wadudu kwenye tumbaku bila glovu. Mate yanamtiririka, mboni zimesinyaa. Sumu imekizuia kimeng'enya kilekile. Atropini inakausha mate kwa kuziba vipokezi vya aina nyingine, vya kwenye tezi na moyo. Vya kwenye msuli haivigusi kabisa, na msuli ndio unaovuta pumzi.

Saa 12 jioni nakabidhi zamu. "Dada, mate yakikauka usimwache. Hesabu pumzi, mwambie anyanyue kichwa. Akishindwa niite. Na tukimwekea mpira, suksamethoniamu hapana: hata kile kimeng'enya kingine, cha kuivunja kwenye damu, kimezuiwa."