Medali za Keya: anza na ukingo

Medali ya askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) aliyepigana vita vya 1914–1918 ina jina lake. Ya yule aliyekwenda Burma miaka ishirini na kitu baadaye haina. Anayeanza kukusanya medali za King's African Rifles bila kulijua hilo atatupa fedha zake, na kibaya zaidi atampoteza askari mwenyewe, kwa sababu njia ya kumtafuta wa kwanza haifanani kabisa na njia ya kumtafuta wa pili.

Tuanze na wa kwanza. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza kwa kawaida alipewa mbili. Moja ni Medali ya Vita ya Uingereza: ya fedha, kipenyo milimita 36, kichwa cha Mfalme George V upande mmoja, na upande wa pili mtu uchi juu ya farasi anayekanyaga ngao ya tai. Utepe wake ni wa rangi ya machungwa katikati, kisha nyeupe, nyeusi na buluu pembezoni. Ya pili ni Medali ya Ushindi, ya shaba, yenye mwanamke mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Wengi wanapoishika medali hutazama sura hizo na rangi za utepe. Sura ni zilezile katika mamilioni ya medali. Kilicho cha mtu mmoja tu duniani kipo kwenye ukingo, ule unene wa pembeni ambako vidole hushika.

Kuusoma ukingo kunahitaji lenzi ya kukuza mara kumi, kama ile ya sonara, na tochi ndogo. Zima taa ya chumbani, ilaze tochi karibu na meza ili mwanga upite ubavuni mwa herufi usiziangukie kutoka juu, kisha izungushe medali polepole. Hata herufi zilizolika kwa kuvaliwa na kusuguliwa zitatoa kivuli. Utakutana na namba ya askari, cheo kwa kifupi (PTE kwa askari wa kawaida, CPL kwa koplo, SJT kwa sajini), jina, na kikosi, mara nyingi kikiandikwa K.A.R. au K. AFR. RIF. Nakili kila alama kama ilivyo, hata nukta na mistari mlalo, na upige picha vipande vitatu au vinne vinavyopishana ili mzunguko wote uonekane.

Usisahihishe jina. Karani aliandika alichosikia, na alichosikia kilitegemea lafudhi ya askari na masikio yake mwenyewe. Hamisi anaweza kuwa Amisi, Rashidi akawa Lashidi, Mwinyi akawa Muini. Jina la baba laweza kuwepo au lisiwepo, na mtu mmoja huandikwa kwa jina moja hapa na majina mawili kule. Ndiyo maana namba ina nguvu kuliko jina. Ukikuta Juma wawili kikosi kimoja, na utawakuta, namba ndiyo itakayowatenganisha.

Kisha itazame namba ya kikosi. Mwaka 1914 Keya ilikuwa jeshi dogo. Vita vilipokwisha ilikuwa na vikosi 22. Rejimenti ziligawanywa, kwa hiyo 1/6 maana yake ni kikosi cha kwanza cha Rejimenti ya Sita, na 2/6 ni cha pili. Rejimenti hii ya sita yafaa itazamwe kwa makini: iliundwa upya mwaka 1917, na ndani yake waliingizwa wengi waliokuwa askari wa Wajerumani wakatekwa. Medali ya Mwingereza yenye 6 K.A.R. ukingoni yaweza kuwa ya mtu aliyeanza vita hivyohivyo upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Familia ikikuambia babu alikuwa askari wa Mjerumani na wewe una medali ya Mwingereza mkononi, usiseme wamekosea. Rejimenti ya Saba nayo, ya mwaka huohuo wa 1917, ilitokana na askari wa Zanzibar na Mafia, kwa hiyo anayetafuta historia ya watu wa visiwani aanzie hapo.

Ipo pia Medali ya Utumishi ya Afrika, iliyoanzishwa 1902, yenye utepe wa manjano, kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani katikati. Hii huja na kipande cha chuma juu ya utepe kinachotaja kampeni: SOMALILAND 1902-04, NANDI 1905-06, JUBALAND 1917-18 na kadhalika. Cha mwisho kabisa ni KENYA, kwa dharura ya 1952 hadi 1956, wakati wa Mau Mau. Medali hizo za mwisho nazo zina majina ukingoni. Kuzikusanya kunahitaji moyo mpana: kwa nyumba moja ni kumbukumbu ya mshahara na nidhamu, kwa nyumba jirani ni kumbukumbu ya aliyewakamata.

Sasa udanganyifu, maana upo. Wa kwanza ni ukingo uliofutwa jina kwa tupa na kuandikwa jina jingine lenye bei. Chuma kilichotolewa hakirudi, kwa hiyo chukua vernia ya fundi na upime kipenyo sehemu nne tofauti. Medali ya fedha ya 1914–18 ikipungua chini ya milimita 36 sehemu moja na si nyingine, acha kununua. Halafu angalia herufi kwa lenzi. Za kiwandani zilipigwa kwa mhuri: kina chake ni sawa, kuta zake zimenyooka. Zilizochongwa kwa mkono zina mikwaruzo midogo na mistari inayoteleza kwenye kona. Kuchongwa kwa mkono peke yake si ushahidi wa wizi, kwa sababu wapo askari waliopeleka medali zao kwa sonara wenyewe. Lakini basi muuzaji aeleze, na bei ishuke.

Kuna jambo la soko ambalo huwapotosha wengi. Karibu na mwaka 1980 bei ya fedha ilipanda mno duniani, na medali za fedha za 1914–18 ziliyeyushwa kwa wingi kwa ajili ya uzito wake. Za shaba zilibaki. Ndiyo sababu ni rahisi kukuta Medali ya Ushindi iko peke yake. Ukikuta zote mbili za askari mmoja, namba ileile, usiziachanishe hata ukipewa bei nzuri ya moja. Zikishaachana, uwezekano wa kukutana tena ni mdogo sana.

Vita vya Pili ni kazi nyingine kabisa. Uingereza ilitoa nyota na medali zake za 1939–45 bila majina, na za Keya zikawa hivyohivyo. Afrika Kusini, India na Australia ziliandika majina kwenye za kwao. Ukikuta Nyota ya Afrika yenye namba na jina lililopigwa vizuri nyuma, huenda ikawa ya askari wa Afrika Kusini. Nyota zenyewe ni za aloi ya shaba na zinki, ncha sita, katikati taji na herufi GRI, nyuma tupu. Nakala za kisasa hujulikana kwa lenzi: vishimo vya kumiminwa, herufi za katikati zilizovimba, kingo za ncha zisizo kali, au mshono pembeni.

Kwa kuwa hazina jina, seti ya nyota tatu na medali mbili bila karatasi haithibitishi mtu yeyote. Thamani yake ya kihistoria iko kwenye vinavyoandamana nayo: cheti cha kuachishwa jeshi, bahasha au kijisanduku cha karatasi kilicholetea medali, kipande cha utambulisho, picha ya sare, barua. Nimeona wanunuzi wakichukua medali na kuacha bahasha kwa sababu imechakaa. Hiyo bahasha ndiyo yenye namba.

Hata hivyo mpangilio wa nyota husema safari. Nyota ya Afrika, utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati, kwa askari wetu kwa kawaida maana yake ni kampeni ya Somalia na Uhabeshi, iliyohesabiwa kuanzia 10 Juni 1940 hadi 27 Novemba 1941, siku mji wa Gondar huko Uhabeshi ulipoanguka. Nyota ya Burma, utepe wa buluu na mstari mwekundu katikati, huhesabiwa kuanzia 11 Desemba 1941 hadi 2 Septemba 1945. Aliyekwenda Madagaska mwaka 1942 hana nyota ya Madagaska. Hakuna kitu kama hicho. Anaweza kuwa na Nyota ya 1939–45 na Medali ya Vita ya 1939–45 tu, na watu wakadhani hakwenda popote.

Ukipata namba ya kikosi kwenye karatasi yoyote, nusu ya kazi imekwisha. Vikosi vya Vita vya Pili vilipewa namba ambazo tarakimu ya mwisho mara nyingi hutaja nchi: 2 na 22 ni Nyasaland, 34 na 44 ni Uganda, 26, 36 na 46 ni Tanganyika. Zipo zinazokiuka: kikosi cha 11 ni cha Kenya, cha 7 ni cha Uganda. Vikosi vya 11, 26 na 34 vilikuwa brigedi moja ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na matope ya 1944 hadi Mto Chindwin. Beji ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru, yule mnyama.

Beji hiyo ni swali la kwanza ninaloshauri mtu aulize nyumbani kwa askari, baada ya shikamoo na baada ya kueleza wazi umefuata nini. Ukimuuliza bibi mjane au mtoto wa marehemu, "Mzee alipigana wapi?" jibu litakuwa "Ulaya huko" au "kwa Wajapani". Uliza begani alishona picha gani. Aliondoka mwaka wa njaa ipi, au nani alikuwa amezaliwa. Alipanda meli wapi, alipanda na nani wa kijiji hiki, nani hakurudi. Afisa wake aliitwaje na askari, maana lakabu hukumbukwa kuliko jina. Andika majibu kwa maneno yao wenyewe, weka tarehe ya mazungumzo, jina la msemaji na uhusiano wake na askari, na usichanganye waliyosema wao na uliyoyapata kwenye nyaraka. Yaandike kwenye kurasa mbili tofauti.

Nyaraka zenyewe nyingi ziko Kew, London, katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Orodha za medali za kampeni za zamani ziko kwenye mfululizo wa WO 100, za 1914–18 kwenye WO 329. Shajara za vita, ambazo kila kikosi kiliandika siku hadi siku, ni WO 95 kwa vita vya kwanza, WO 169 kwa Uhabeshi na WO 172 kwa Burma. Usitegemee kumkuta askari wa kawaida kwa jina kwenye shajara. Wanaotajwa ni maafisa. Unachotafuta humo ni kikosi kilikuwa mto gani tarehe gani, kisha unalinganisha na maneno ya familia. Nishani za ushujaa hutangazwa katika London Gazette, ambayo inasomeka bure mtandaoni.

Kwa waliokufa, tafuta kwenye hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, nayo ni bure. Meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944 kwa chini ya dakika mbili, na zaidi ya watu 1,200 walikufa, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Askari aliyeandikwa amekufa tarehe hiyo huenda hana kaburi. Jina lake litafute kwenye ukumbusho ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong.

Wapagazi wa 1914–18 ni habari nzito zaidi. Majina yao wengi hayakuhifadhiwa. Tume hiyohiyo ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao. Kwa hiyo medali au cheti chochote cha mpagazi chenye jina, hata kikiwa kimekunjika na kulika, ni cha kuhifadhiwa kabla ya nyota yoyote inayong'aa.

Kuhusu utunzaji: usisugue. Dawa ya kung'arisha shaba hula herufi za ukingo kila inapopita, na weusi wa fedha hauidhuru medali. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu. Kutu ya kijani kwenye nyota iondolewe kwa kijiti cha mbao laini, taratibu, bila maji. Pwani adui ni unyevu na chumvi: weka kila seti ndani ya karatasi isiyo na asidi, kwenye boksi lenye vifuko vya silika, na ubadilishe vifuko vinapolowa. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani juu ya shaba, itupe. Utepe wa asili usibadilishwe hata ukichanika. Kama ni lazima medali ionyeshwe, shona utepe mpya wenye upana sawa na wa asili na uuweke wa zamani kwenye bahasha pamoja na nyaraka, ukiandika kwa penseli juu ya bahasha namba ya askari, ulikotoka utepe huo na tarehe uliyoubadilisha.