Ubao wa bei za samaki na kumbukumbu ya B800h

Kwa anayejifunza asembli (lugha ya kuiamuru prosesa moja kwa moja) ndani ya DOSBox (programu inayoiga kompyuta za zamani za DOS) hapa Mwanza, zoezi ninalolipenda kuliko yote ni ubao wa bei wa soko la Mwaloni, Kirumba: sangara, sato, dagaa, kilo, bei, jumla. Mistari 25, safu 80, na namba zinabadilika kila ukibonyeza kitufe. Ukiuchora kwa intarapti 21h, AH=09h, yaani huduma ya DOS ya kuandika maandishi (h ni alama ya namba za heksadesimali), kwenye mashine ya enzi zile utaona skrini ikijichora mstari kwa mstari.

Sababu ni safari ndefu. DOS inaikabidhi kila herufi kwa dereva wa CON (wa skrini na kibodi), dereva anaita BIOS (programu ya msingi ya mashine) kupitia intarapti 10h, yaani int 10h, na BIOS inahifadhi rejista (vihifadhi vidogo vya prosesa, kama AH), inatafuta kishale kilipo, inaandika, kisha inakisogeza kishale. Skrini nzima ni herufi 2,000, kwa hiyo ni safari 2,000, kwenye prosesa ya 8088 ya 4.77 MHz. Ni sawa na kushusha dagaa mtumbwini mmoja mmoja wakati tenga lipo.

Dawa ni kuandika wenyewe kwenye kumbukumbu ya kadi ya skrini. Kadi za rangi zinaanzia anwani B800:0000 (segmenti, kisha nafasi ndani yake), kadi ya rangi moja (modi 7) inaanzia B000:0000. Usikisie: soma baiti iliyopo 0040:0049, ndiyo yenye namba ya modi. Kila herufi inachukua baiti mbili, ya kwanza herufi yenyewe, ya pili rangi yake. Biti 4 za chini ni rangi ya maandishi, 3 zinazofuata ni rangi ya nyuma, na ya mwisho kwa kawaida hufanya herufi imwekemweke. 1Eh ni njano juu ya bluu, inasomeka vizuri sana.

Ukihesabu kuanzia sifuri, mstari wa 12, safu ya 20 ni (12 × 80 + 20) × 2 = 1960, yaani 07A8h. MUL (amri ya kuzidisha) ya namba za biti 16 kwenye 8088 inakula mizunguko zaidi ya 100 ya saa, kwa hiyo tengeneza jedwali la maneno 25 (neno ni baiti mbili) lenye mwanzo wa kila mstari. Kisha ES iwe B800h, DI iwe hiyo anwani, AH ishike rangi, SI ielekee kwenye maandishi, na CLD (amri ya kufanya anwani zisonge mbele) isisahaulike. Hapo LODSB (inasoma herufi) na STOSW (inaandika herufi pamoja na rangi) zinamaliza kazi. Wengi wanatumia STOSB, inayoandika baiti moja, wanasahau baiti ya rangi, herufi zinaingia mahali pa rangi, na skrini inajaa rangi za ajabu.

Kwa ubao unaobadilika, chora kwanza kwenye bafa (eneo la kuandalia) ya baiti 4,000 katika RAM ya kawaida, halafu uihamishe yote kwa REP MOVSW (inanakili neno baada ya neno), CX, yaani idadi ya maneno, ikiwa 2000. Usisome kutoka kwenye kadi ili kujua kilichoandikwa. Bafa yako inajua, na kadi ni nzito kusomwa.

Kadi ya CGA ya IBM ya mwaka 1981, mojawapo ya hizo kadi za rangi, ina kasoro yake. Prosesa ikiigusa kumbukumbu wakati kadi inachora, chengachenga nyeupe zinatapakaa. Soma poti 3DAh: subiri biti 0 iwe 0, kisha iwe 1, ndipo uandike neno moja, intarapti zikiwa zimezimwa kwa CLI. Pumziko refu la wima (biti 3), kadi inapomaliza skrini na kurudi juu, haliitoshi skrini nzima kwa 8088, gawa kazi. Lugha ya Turbo Pascal ina swichi ya CheckSnow kwa ajili hiyo. Kwenye VGA, kadi ya baadaye, izime, inapoteza kasi bure.

DOSBox ukiishusha hadi cycles=300 hivi inakaribia mwendo wa XT (kompyuta ya IBM yenye 8088), lakini int 10h yake inatekelezwa na kompyuta yako halisi, kwa hiyo BIOS itaonekana nyepesi kuliko ilivyokuwa. Pima kwenye mashine yenyewe ukiipata.

Na kishale hakifuati maandishi uliyoandika hivi. Kiweke mwenyewe mwishoni, mara moja tu, kwa int 10h, AH=02h, BH=0, DH mstari, DL safu.