Nilivyoicheza michezo midogo ya video kwa kipakatalishi cha mtumba

Michezo ya video inayotangazwa kwa kishindo siku hizi hudai kadi ya grafiki, yaani kifaa cha kuchorea picha za mchezo, ya bei ghali na makumi ya gigabaiti za kupakua. Kipakatalishi changu ni cha mtumba, nilikinunua Luthuli Avenue, Nairobi, kina gigabaiti 4 za kumbukumbu na hakina kadi hiyo. Badala ya kuweka akiba ya mashine nyingine, niliamua kutafuta michezo ambayo hiki kingeweza kuibeba, yaani ile ya zamani na ile iliyotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo kisichoajiriwa na kampuni kubwa. Nilijiwekea sharti la kutoanza mchezo mpya kabla ya kumaliza niliomo, na maoni yangu nikawa nayaandika daftarini kila usiku kabla ya kulala.

Nilianza na Cave Story, kwa kuwa haulipishwi na ukubwa wake ni megabaiti chache ambazo bando dogo linazimudu. Daisuke Amaya wa Japani aliutengeneza peke yake kwa takriban miaka 5, akichora, akiandika hadithi na kutunga muziki mwenyewe, kisha akautoa bure mwaka 2004. Mhusika mkuu anazinduka pangoni bila kumbukumbu yoyote, na punde anajikuta miongoni mwa Mimiga, viumbe wanaofanana na sungura. Kilichonivutia zaidi ni jinsi silaha zinavyofanya kazi. Adui anapokufa huacha vipande vya rangi ya manjano, na ukiviokota silaha yako hupanda hadi daraja la 3. Lakini ukijeruhiwa, nguvu hiyo hupungua papo hapo, hivi kwamba unakuwa dhaifu wakati uleule unapozidiwa. Kwa hiyo nililazimika kujua kukwepa kabla ya kujua kushambulia. Kuna mahali unapoweza kuitoa bastola yako ya kwanza ili upewe bunduki ya rashasha, nami nilikubali, na wala mchezo haukunidokezea kwamba anayekataa hulipwa silaha nyingine mbele ya safari. Nauheshimu sana ukimya huo, kwa sababu unamwachia mchezaji uamuzi ulio wake kweli.

Kwa michezo ya kulipia, nilisubiri misimu ya punguzo la bei katika duka la mtandaoni la Steam, nikalipa kwa kadi pepe ya M-Pesa. Padi ya kuchezea ya USB ya bei nafuu niliinunua kwa ajili ya Celeste, kwani vidole haviwezi kustahimili mchezo huo juu ya kibodi. Celeste ulitoka mwaka 2018, lakini ulichipuka kutoka mchezo mdogo ambao Maddy Thorson na Noel Berry waliutengeneza kwa siku 4 katika PICO-8, programu inayomwekea mtengenezaji mipaka ya kioo cha pikseli 128 kwa 128 na rangi 16. Niliucheza kwanza huo mdogo, ambao ni wa bure, ndipo nikaingia katika ule mkubwa. Mhusika mkuu, Madeline, anapanda mlima kwa kuruka, kung'ang'ania ukuta na kuchupa hewani, na anakufa mara nyingi mno, ila anarudi pale pale bila kukusubirisha. Upole wa watengenezaji umefichwa ndani kabisa: ukichelewa kidogo tu kuruka baada ya mguu kutoka ukingoni, mchezo bado unakukubalia. Sikujua hilo nilipokuwa nikicheza, nilihisi tu kwamba mlima ni mkali lakini haunionei.

Mchezo ulioniganda moyoni kuliko yote ni Papers, Please, wa mwaka 2013, wa Lucas Pope. Wewe ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982, unapokea pasipoti, unalinganisha tarehe, jina na picha, kisha unagonga muhuri wa kukubali au wa kukataa. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowahudumia sawasawa, na kila jioni mshahara huo unagawanywa kati ya kodi ya nyumba, chakula, joto na dawa za familia. Kila siku sheria inaongezwa, na karatasi za kukagua zinaongezeka mezani. Yeyote aliyewahi kupanga foleni na bahasha ya nyaraka mkononi, akiomba isikosekane hata fotokopi moja, ataushika mchezo huu bila maelezo. Tofauti ni kwamba hapa unakaa upande wa pili wa dirisha.

Mpwa wangu alikuwa amekaa kando yangu siku alipopita mwanamume mwenye nyaraka kamili, akaniambia mkewe yu nyuma yake. Mke alipofika, hakuwa na kibali cha kuingia.

"Mjomba, mpitishe tu," mpwa wangu alinisihi. "Si mumewe ameshaingia?"

Nilimpitisha. Onyo likachapishwa mara moja, bila makato, kwa kuwa makosa mawili ya kwanza ya siku hayakatwi mshahara ila yanayofuata yanakatwa. Tulijadiliana hadi chakula cha jioni kama tungempitisha laiti tungekuwa tumeshatumia maonyo yote mawili, na mtoto wangu wa mchezoni akiwa mgonjwa. Sijaona mchezo wa bajeti kubwa ukizua mazungumzo kama hayo chumbani mwangu.

Upande wa michezo ya zamani, jirani yangu alikuwa amehifadhi mojawapo ya zile mashine bandia za michezo zenye kaseti za manjano, tulizokuwa tukiziunganisha na televisheni, na humo nikaurudia Super Mario Bros. wa mwaka 1985. Mchezo mzima una kilobaiti 40. Kwa kubana nafasi, mawingu na vichaka ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi, na adui wa kwanza amewekwa pale mwanzoni ili akufundishe kuruka bila neno hata moja. Contra nilimaliza pia pamoja na jirani huyo, na ni mtamu kwa watu wawili, lakini sikupata mengi ya kuandika juu yake.

Sasa nimemaliza Return of the Obra Dinn, kazi nyingine ya Lucas Pope, ya mwaka 2018. Kila kitu kimechorwa kwa rangi mbili tu, nawe unachunguza hatima ya watu 60 wa merikebu iliyorudi bila mtu. Mchezo huthibitisha majibu matatu kwa pamoja, hivyo kubahatisha hakufai. Niliwatambua mabaharia kwa namba za vitanda vyao vya kamba, kwa lafudhi na hata kwa viatu, na kurasa za daftari zikajaa. Anayetaka kuucheza asitafute majibu mtandaoni, maana ukishayajua majina hayo hakuna kitakachobaki cha kucheza.