Tulivyoacha kupandisha mfumo kwa mkono

Kwenye timu yetu hapa Mwanza, hakuna swali lililokula muda kama hili: "Mbona kwangu inakubali?" Tunatengeneza mfumo wa hisa, akiba na mikopo ya SACCOS, umeandikwa kwa lugha ya PHP na Laravel, kiunzi chake cha kujengea mifumo, na kila mmoja alikuwa ameseti kompyuta yake kivyake. Wengi walitumia XAMPP kwenye Windows, kifurushi kinachoweka PHP na hifadhidata kwa pamoja. Seva ya mteja ni Ubuntu 22.04 yenye PHP 8.1 na MySQL 8.0, wakati XAMPP inakuja na MariaDB 10.4, hifadhidata inayofanana na MySQL lakini si ileile. Ukichukua nakala ya hifadhidata kutoka seva ukaiingiza kwenye XAMPP, inakataa palepale, kwa sababu haiutambui `utf8mb4_0900_ai_ci`, mpangilio wa herufi ambao MySQL 8.0 huutumia usipoiambia vingine. Halafu kuna suala la herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows, `Mkopo.php` na `mkopo.php` ni faili moja. Kwa Linux ni mafaili mawili. Mfumo unakubali mezani kwako, unagoma kwa mteja.

Nilianza na kompyuta za watu kabla ya kugusa seva, na mpaka leo nasisitiza mpangilio huo. Ukiharakisha upandishaji, yaani kupeleka toleo jipya kwenye seva, wakati kila mtu ana mazingira yake, unafikisha matatizo kwa mteja mapema zaidi, basi. Nilichagua Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, mazingira yaliyofungwa yanayofanana kila mahali. Niliandika faili moja la Docker Compose lenye PHP 8.1, Nginx (seva ya wavuti), MySQL 8.0 na Redis (hifadhi ya data kwenye kumbukumbu), kila kimoja kikiwa na namba ya toleo lake. Neno `latest` nililipiga marufuku, maana leo linaleta hiki na mwezi ujao linaleta kingine.

Kazi ngumu ilikuwa kuifanya Docker iishi kwenye kompyuta tulizonazo. Baadhi zina RAM ya GB 4. Tuliachana na Docker Desktop, tukaweka Docker yenyewe ndani ya WSL 2 (Linux inayoishi ndani ya Windows), kisha tukaweka kikomo cha kumbukumbu kwenye faili la `.wslconfig`. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: msimbo ukae ndani ya mfumo wa mafaili wa Linux, usikae `/mnt/c`, yaani diski C ya Windows. Ukiuacha upande wa Windows, kila ombi linapita mpaka kati ya mifumo miwili, na kwa Laravel yenye maelfu ya mafaili ndani ya `vendor` (folda ya maktaba za msimbo), ukurasa unafunguka kwa kusuasua. Ukiuhamisha, unaiona tofauti hapohapo.

Bando nalo lilitaka akili. Badala ya kila mtu kuvuta picha zilezile za kontena (images) kutoka intaneti, mmoja anazivuta, anazihifadhi kwa `docker save`, anazikandamiza na kuziweka kwenye flashi. Wengine wanazipakia kwa `docker load`. Binti aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alipakia kutoka kwenye flashi, akaandika `docker compose up`, akafungua kivinjari, akaona ukurasa wa kuingia.

"Kaka, ndiyo imeisha?"

"Imeisha, dada. Anza kazi."

Hapo ndipo nikageukia seva. Mwanzoni tulikuwa tunaingia kwenye seva kwa mbali kupitia SSH, tunavuta msimbo, tunaendesha Composer (inayopakua maktaba za PHP) palepale huku wateja wakiendelea kutumia mfumo, na katikati ya zoezi hilo nusu ya mafaili ni mapya, nusu ya zamani. Sasa ukisukuma msimbo kwenye tawi kuu, GitHub Actions, huduma inayofanya kazi hizi yenyewe, inaendesha majaribio dhidi ya MySQL 8.0 halisi. Yakifaulu, inaandaa kifurushi kamili, `vendor` ikiwemo, kisha inakituma kwa rsync kwenye folda mpya ndani ya `releases`. Seva haipakui chochote. Faili la mipangilio, `.env`, na nyaraka za wanachama hukaa pembeni kwenye folda ya pamoja, na kila toleo huunganishwa nazo.

Nginx inasoma kiungo kimoja tu, `current`, kinachoelekeza kwenye folda ya toleo linalotumika. Watu wengi hukihamisha kwa `ln -sfn`, lakini matoleo ya zamani ya amri hiyo yalifuta kiungo cha zamani kwanza ndipo yatengeneze kipya, na katikati kulikuwa na mwanya mdogo. Sisi tunatengeneza kiungo kipya chenye jina la muda, kisha tunakiweka mahali pake kwa `mv -T`, na mabadiliko yanatokea kwa mkupuo. Kwenye Nginx weka `$realpath_root` badala ya `$document_root`, la sivyo OPcache, inayohifadhi msimbo wa PHP kwenye kumbukumbu, inaweza kuendelea kutoa mafaili ya toleo lililopita. Usisahau pia programu ya foleni, inayotuma SMS kwa wanachama. Hiyo hukaa kwenye kumbukumbu muda wote na haijui kwamba kiungo kimehama. `php artisan queue:restart` huiagiza imalize kazi iliyo mkononi na kujizima, kisha Supervisor, msimamizi wa programu kwenye seva, huiwasha na msimbo mpya.

Kwenye hifadhidata sina haraka kabisa. Hela za watu zimo humo. Kabla ya badiliko lolote, `mysqldump --single-transaction` inachukua nakala bila kuwasimamisha watumiaji. Safu wima (column) ya jedwali haifutwi kwenye toleo lilelile lililoacha kuitumia. Inasubiri toleo linalofuata, ili tukilazimika kurudi nyuma, msimbo wa zamani uikute bado ipo.

Na tumewahi kurudi. Mwisho wa mwezi mhasibu wa SACCOS moja alipiga simu, ripoti ya marejesho inaonyesha sifuri kwa kila mwanachama. Yule binti ndiye aliyekuwa zamu. Aliendesha skripti ya kurudisha, ambayo kazi yake ni kuelekeza `current` kwenye folda ya toleo lililotangulia na kuanzisha foleni upya, na kabla mhasibu hajakata simu ripoti ikawa imekaa sawa. Tatizo lenyewe tulilitafuta mchana kwa utulivu, tukalirekebisha, na binti akaandika jaribio la ripoti hiyo. Toleo linaloleta marejesho ya sifuri sasa linakwamia kwenye majaribio, haliifikii seva.