Barua ya mzazi aliyebaki: makaratasi ya mtoto anayevuka mpaka

Familia ikipanga safari ya nje, mtoto hupigwa picha, hutafutiwa pasipoti, huombewa viza na kukatiwa tiketi. Karatasi moja husahaulika kwa sababu hakuna ubalozi wala ofisi ya uhamiaji inayoitoa: ridhaa ya mzazi asiyesafiri. Pasipoti humtambulisha mtoto. Viza huonyesha kwamba nchi anayokwenda imekubali kumpokea. Ila haki ya huyu mtu mzima aliyemshika mkono kumtoa nchini haiandikwi kwenye mojawapo ya hizo, na ndilo jambo la kwanza afisa wa mpakani hutaka kulijua. Anauliza kwa sababu watoto huibwa, husafirishwa kwa ajili ya kutumikishwa, na wengine huchukuliwa na mzazi mmoja bila mwenzake kujua. Anayeuliza anamlinda mtoto, hivyo mpe majibu yaliyo kwenye karatasi.

Kwa watu wa Tanzania na Kenya, somo hili limefundishwa zaidi na Afrika Kusini. Tarehe 1 Juni 2015 nchi hiyo ilianza kudai kila mtoto wa chini ya miaka 18 awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na akisafiri na mmoja tu, hati ya kiapo ya yule mwingine. Abiria wengi walizuiwa wakiwa bado kwao, kwenye kaunta ya shirika la ndege. Novemba 2019 masharti yakalegezwa: mtoto wa kigeni kutoka nchi ambayo raia wake hawadaiwi viza, akiwa na mzazi, hatakiwi tena kuonyesha cheti na barua kama sharti la kawaida. Hapo ndipo uvumi ulipoanza kwamba "ile sheria imefutwa." Haijafutwa. Afisa akishuku bado anaweza kukutaka uthibitishe. Mtoto anayesafiri peke yake bado anadaiwa cheti, barua ya wazazi, barua ya atakayempokea yenye anwani na simu, pamoja na nakala ya kitambulisho au pasipoti ya mpokeaji huyo. Mtoto anayesafiri na shangazi, bibi au mwalimu anadaiwa cheti, ridhaa ya wazazi na nakala za vitambulisho vyao.

Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka, na Mkenya amepata nafasi hiyo tangu Januari 2023. Kwa hiyo mtoto wa kwetu hana hatua ya ubalozini ambako mtu angekagua makaratasi yake mapema. Mkongomani anayeomba viza huulizwa cheti na barua wakati wa maombi. Sisi tunaulizwa uwanja wa ndege, saa mbili kabla ya kuruka, wakati wakili hapatikani.

Kumbuka pia kwamba mlango wa kwanza unalindwa na shirika la ndege. Likimbeba abiria asiyekubalika, hulazimika kumrudisha na huweza kutozwa faini, kwa hiyo mfanyakazi wa kaunta hutazama masharti kwenye mfumo wake na kuyafuata neno kwa neno. Kumweleza kwamba rafiki yako alipita mwezi uliopita bila barua hakumsaidii lolote.

Sasa tuje kwenye majina, kwa maana hapa ndipo familia za pwani na bara hukwama kuliko wanavyotarajia. Afisa wa Johannesburg, Frankfurt au Toronto amezoea kuona baba, mama na watoto wakiwa na jina moja la ukoo. Kwetu mtoto hupewa jina lake, la baba na la babu. Chukua mfano: baba ni Salim Abdalla Said, mama ni Mwanaisha Omar Juma, mtoto ni Nasra Salim Abdalla. Kwenye nafasi ya jina la ukoo, pasipoti ya baba itasomeka Said, ya mama Juma, ya mtoto Abdalla. Watu watatu wa nyumba moja, majina matatu ya ukoo! Mama huyo akisafiri na Nasra, pasipoti zao hazionyeshi popote kwamba ni mtu na mwanawe. Cheti cha kuzaliwa ndicho pekee kinachowaunganisha, kwa hiyo hata nchi isipokidai, kisiachwe nyumbani.

Na kiwe cheti kweli. Tangazo la kuzaliwa linalotolewa hospitalini si cheti, na kadi ya kliniki si cheti. Kwa Tanzania Bara kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa Kenya kinatoka idara ya usajili wa raia, na lazima kiwe na jina la mama na la baba. Kaa mezani na nyaraka zote tatu, yaani cheti, pasipoti ya mtoto na pasipoti za wazazi, ulinganishe herufi kwa herufi. Mwanaisha kwenye cheti na Mwanaesha kwenye pasipoti. Mohamed na Muhammad. Abdallah yenye h mwishoni na Abdalla isiyo nayo. Mama aliyechukua jina la mume baada ya ndoa ilhali cheti cha mtoto kina jina lake la usichana. Kila tofauti ya namna hiyo inahitaji karatasi ya kuieleza: cheti cha ndoa, au kiapo cha majina mbele ya wakili. Kosa likiwa ndani ya cheti chenyewe, omba lirekebishwe kwa aliyekitoa na ujipe wiki kadhaa. Usilisahihishe kwa kalamu, maana cheti kilichoguswa kwa kalamu hakifai tena.

Cheti chenye jina la mzazi mmoja tu ni suala jingine. Afrika Kusini haidai ridhaa ya mzazi ambaye hakusajiliwa. Beba cheti chenyewe, nacho kitajieleza.

Barua yenyewe ni ukurasa mmoja, na ningependa kila mzazi aiandike kwa makini kama anavyoandika hati ya kiwanja. Ianze na mwandishi: jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho au pasipoti, anwani, simu. Kisha mtoto: jina, tarehe na mahali alipozaliwa, namba ya pasipoti. Kisha anayesafiri naye: jina, namba ya pasipoti, uhusiano. Kisha safari: nchi, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, mahali watakapofikia. Halafu sentensi moja iliyonyooka: "Mimi, mzazi wa mtoto aliyetajwa, naridhia asafiri na mtu huyu kwenda nchi hiyo kwa tarehe hizo." Ikiwa kuna uwezekano wa mtoto kuugua, ongeza ruhusa ya matibabu; bibi anayempeleka mjukuu hospitalini ugenini anaweza kuombwa saini ambayo kisheria hana haki ya kuiweka.

Isainiwe mbele ya wakili au kamishna wa viapo, akiwa anakuona, apige mhuri na kuandika tarehe. Ambatanisha nakala ya kitambulisho chako inayoonyesha saini, kwa sababu afisa hulinganisha saini mbili. Iandike kwa Kiingereza kama unakwenda Afrika Kusini, Uingereza au Kanada. Kanada hupokea pia Kifaransa. Barua ya Kiswahili peke yake itakukwamisha, na cheti cha Kongo kilicho kwa Kifaransa kitahitaji tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa unapokwenda nchi ya Kiingereza. Andika barua mpya kwa kila safari. Ile ya mwaka jana yenye maneno "popote na wakati wowote" humfanya afisa aulize zaidi.

Kuna hali ambazo barua haipatikani. Mzazi amefariki: beba cheti cha kifo. Mmeachana: hati ya talaka inathibitisha kwamba ndoa imekwisha, ila haisemi nani ana malezi ya mtoto, kwa hiyo tafuta amri ya mahakama inayotaja malezi, na uisome uone kama inamtaka mzazi mwingine akubali safari. Mzazi ametoweka au anakataa kusaini: kiapo chako mwenyewe kwamba humpati ni dhaifu. Njia ya kweli ni mahakama, na Kenya na Tanzania zote zina mahakama za watoto kwa mambo ya aina hii. Anza miezi kabla ya safari.

Hali inayonihuzunisha zaidi ni ya mtoto anayelelewa na bibi au mama mkubwa tangu utotoni, kwa makubaliano ya kifamilia. Mtaani kila mtu anajua huyo ndiye mamaye. Kisheria hana hata mstari mmoja. Wazazi wakiwa hai, wote wawili wasaini barua. Wakiwa wamefariki, vyeti vya vifo vya wote wawili pamoja na amri ya mahakama ya ulezi. Amri hiyo ina faida hata pasipo safari, shuleni na hospitalini, kwa hiyo msingoje tiketi ndipo mwende mahakamani.

Kadi ya homa ya manjano nayo ina mitego kwa watoto. Afrika Kusini huidai kwa abiria wa zaidi ya mwaka mmoja anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, mfano Uganda au Kongo, au aliyekaa huko uwanjani zaidi ya saa 12. Tanzania nayo huwadai wanaotoka nchi za namna hiyo. Chanjo hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi 9, na kichanga wa chini ya miezi 6 hapaswi kuchomwa kabisa. Kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo kuchanja Jumatatu na kusafiri Ijumaa ni sawa na kutochanja. Tangu Julai 2016 kadi hudumu maisha, hata kama ya zamani imeandikwa miaka 10. Mtoto asiyeweza kuchanjwa apate barua ya daktari ya kumwondolea sharti, yenye mhuri. Jina kwenye kadi lifanane na la pasipoti. Kadi iliyoandikwa "mtoto wa Mwanaisha" haitambui mtu yeyote.

Kwa Ulaya ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, mtoto ana ombi lake mwenyewe, hata akiwa na wiki tatu. Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure chini ya miaka 6. Alama za vidole hazichukuliwi chini ya miaka 12. Bima ya afya ya kila mmoja iwe na kima cha angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu na ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko. Fomu ya mtoto husainiwa na mwenye mamlaka ya mzazi. Ombi hufunguliwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na halipaswi kuletwa chini ya siku 15 kabla.

Viza ya Uingereza ya mtoto anayeongozana na mtu mzima hutaja mtu mzima huyo, na haiwezi kutaja zaidi ya wawili. Ukiomba ukimtaja baba, kisha kazi ikambana akaenda mjomba badala yake, mtoto anaweza kukataliwa kuingia ilhali viza ni halali. Kwa hiyo amueni nani anasafiri kabla ya kujaza, na watajwe wawili kama kuna shaka.

Picha ya kichanga hukataliwa mara nyingi kuliko ya mtu mzima. Mlaze juu ya shuka jeupe lisilo na mikunjo, piga kutoka juu, macho yawe wazi, na usionekane mkono wa mtu. Schengen hutaka milimita 35 kwa 45, Marekani 51 kwa 51. Duka la picha mtaani hukata kipimo kimoja kwa wote usipowaambia.

Ndugu wanaokuja kutoka nje na watoto wenye pasipoti za kigeni wajue kwamba kila mtoto huhesabiwa peke yake. Viza ya kawaida ya kutembelea Tanzania ni dola 50, na kwa raia wa Marekani dola 100. Kenya tangu Januari 2024 hutumia idhini ya mtandaoni, na mgeni asiyesamehewa humwombea hata kichanga. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 2024, humdai mgeni bima ya Zanzibar yenyewe, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana nyingine, na hukatwa kwenye tovuti kabla ya kufika. Omba yote hayo kwenye tovuti za serikali zenyewe, maana zipo tovuti za mawakala zinazofanana nazo na hutoza mara mbili au zaidi.

Siku ya safari, makaratasi halisi yakae kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku lililokwisha pita kwenye mkanda halirudi. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine iwe kwenye simu. Na mzazi aliyebaki aache simu yake ikiwa na chaji na sauti hadi apate ujumbe kwamba wamepita, kwani afisa mwenye shaka hupiga namba iliyo kwenye barua papo hapo, hata ikiwa saa nane za usiku.