Mass Effect 3: kucheza mtandaoni ndiko kulikokoleza gemu

Studio ya BioWare waliitoa Mass Effect 3, gemu la vita vya anga za juu, Machi 2012, na ubishi wote ukaishia kwenye mwisho wa hadithi. Upande wa mtandaoni ulistahili kusifiwa zaidi.

Wachezaji wanne wanapambana na mawimbi 10 ya maadui, kisha la 11 la kungoja chombo cha kuwaokoa. Wimbi la 3, la 6 na la 10 huja na kazi maalumu, kama kudukua mitambo, na muda ukiisha kabla hamjaimaliza, mechi imekwisha. Hapo ndipo timu nyingi hufia: kila mtu anakimbilia kuua, hakuna anayemlinda anayedukua.

Angalia uzito wa silaha. Ukibeba bunduki nzito, nguvu zako maalumu zinachelewa kuwa tayari kutumika tena. Adept, mhusika anayetegemea nguvu hizo, abebe bastola nyepesi tu, arushe nguvu ya Warp, kisha ile ya Throw ifuate palepale kwa adui yuleyule. Mlipuko utawafagia hata walio jirani. Adui aitwaye Banshee msimsogelee kabisa: akikukamata, umekwenda, hakuna wa kukuinua.

Kero ni maboksi ya bahati nasibu. Unalipa pointi 60,000 za boksi la Spectre, unatoka na silaha usiyoitaka. Tena mechi huendeshwa na mashine ya mchezaji mmoja, kwa hiyo intaneti yake ikiyumba, risasi zenu zinachelewa.

Toleo lililoboreshwa la 2021, Legendary Edition, halina sehemu hii. Ukiitaka, tafuta gemu la awali.