Gobore Halilazwi Chafu

Harufu ndiyo iliyoniumbua. Siku ya tatu baada ya kupiga gobore kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilifungua kabati nikapokewa na harufu ya yai viza. Nikafunga kiraka cha pamba kwenye ncha ya mdeki, ule ufito wa kushindilia, nikakisukuma mpaka chini ya mtutu, nikakivuta polepole. Kilitoka na uji mweusi unaonata kama lami, na pembezoni madoa ya rangi ya matofali. Kutu. Mtutu uliokuwa uking'aa ndani kama kioo siku tatu tu nyuma ulikuwa umeanza kuliwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimelisafisha. Au ndivyo nilivyodhani. Jioni ile nilipitisha vitambaa viwili vikavu, nikamimina mafuta ya mashine bila ubahili, nikalifungia. Bunduki za kisasa nilikuwa nazifanyia hivyo miaka yote na hazijawahi kunilalamikia.

Kulipiga nilifundishwa na mzee mmoja kwenye uwanja wa shabaha. Alianza na kibali changu. Alipoona karatasi ziko sawa ndipo akafungua mkoba wake. Nilitamani aniwekee mkononi gumegume, ile ya jiwe na cheche, kwa sababu ndiyo iliyo kichwani mwangu nikisikia neno gobore. Akakataa. Akanipa la fataki: kikofia kidogo cha shaba kinachovalishwa kwenye chuchu ya chuma nyuma ya mtutu, nyundo ikikigonga kinawaka na moto unapenya ndani kwenye baruti. Aliniambia wazo la kuwasha bunduki kwa kemikali inayolipuka ikigongwa lilitoka kwa mchungaji wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyelipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1807. Alikuwa mwindaji wa ndege, na ndege walikuwa wakiuona mwako wa gumegume wakaruka kabla risasi haijatoka. Fataki zenyewe zilikuja baada yake.

Mtutu wangu una upana wa milimita 12.7. Goroli inayoingia humo ina milimita 12.45 na uzito wa gramu kumi na moja na nusu hivi, risasi tupu. Kiswahili hakitofautishi risasi ya madini na risasi ya kupigia, na kwa gobore hakuna haja ya kutofautisha. Ile nafasi ndogo iliyobaki kati ya goroli na chuma inazibwa na kiraka cha pamba kilichopakwa nta ya nyuki na mafuta ya mnyama. Kiraka ndicho kinachoshika mifereji iliyojizungusha ndani ya mtutu, na ndicho kinachoizungusha goroli. Risasi yenyewe haigusi chuma.

Kushindilia kuna mpangilio wake na mzee hakuruhusu nihame hata hatua moja. Kwanza fataki mbili tupu, bila baruti, mdomo wa mtutu ukielekezwa kwenye jani la nyasi. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Kisha baruti, na hapa ndipo aliponishika mkono. Nilikuwa nimeinamisha chupa ya baruti moja kwa moja juu ya mdomo wa mtutu.

"Mwanangu, hiyo uliyoshika ni bomu."

Alikuwa na haki. Kaa dogo likibaki chini kutoka risasi iliyotangulia, baruti unayomimina inawaka, na moto unapanda mpaka kwenye chupa iliyo mkononi mwako. Kwa hiyo unamimina kwanza kwenye kipimo, unafunga chupa, unaiweka mbali, ndipo unamimina kipimo mtutuni. Kipimo changu kilikuwa punje 70, zile "grains" za kupimia uzito wa baruti, ambazo ni kama gramu 4.5. Na baruti ni ile nyeusi tu. Ile isiyotoa moshi, ya bunduki za kisasa, hata kijiko kimoja haingii humo, kwa sababu msukumo wake unaweza kuupasua mtutu.

Baada ya baruti, kiraka mdomoni, goroli juu yake, kigongeo kifupi kuiingiza, halafu mdeki. Mimi nilishika mdeki juu kabisa nikaanza kusukuma kwa nguvu zangu zote. Akanisimamisha tena. Mdeki wa mti ukishikwa juu unapinda, ukipinda unavunjika, na kipande kinachobaki kinakuwa mkuki unaoelekea kiganja chako. Shika karibu na mdomo wa mtutu, sukuma kidogokidogo, na usiweke kamwe kiganja juu ya tundu.

Mdeki ule una mistari miwili iliyochongwa kwa kisu. Mmoja unaonyesha mtutu mtupu, mwingine unaonyesha mtutu uliojaa kwa kipimo chako. Siku ya kwanza niliiona kama urembo. Sasa siinui gobore lolote bila kuteremsha mdeki na kuangalia mstari. Mstari wa pili ukikaa juu ya mdomo wa mtutu, maana yake goroli haijafika kwenye baruti, kuna hewa katikati, na kupiga hivyo ni kuutafutia mtutu uvimbe au mpasuko.

Risasi ya kwanza nilikosa shabaha kabisa. Nilizoea bunduki inayoitika papo hapo. Gobore linaitika kwa sauti mbili: "ta" ya fataki, kisha "buu" inayokusukuma bega taratibu kama mtu anayekuomba upishe. Kati ya "ta" na "buu" mimi nilikuwa nimeshainua kichwa kutazama. Na hakuna cha kutazama! Moshi mweupe mzito unafunika kila kitu, unasimama mbele yako kama shuka iliyoanikwa, mpaka upepo uuhurumie. Nilipojifunza kutulia shavu kwenye kitako mpaka moshi upungue, goroli zilianza kukaa pamoja. Kabla jua halijageuka, tano mfululizo zilitosha kufunikwa na kiganja kwa mita 50. Nilijiona bingwa.

Mzee hakutazama shabaha. Alikuwa ameinama mita chache mbele, akiokota viraka vyangu kwenye nyasi. Vilivyotoka salama vinaonekana kama ua: msalaba mweusi katikati, kingo zimechanika kidogo. Viwili vilikuwa vimetoboka kwa moto. "Mafuta hayakutosha," alisema, akanirudishia kopo la nta. Kikikatwa kama kwa wembe, kosa liko kwenye kingo za mifereji. Nimepiga miaka mingi bila kujua kwamba bunduki inaweza kukuandikia barua ya kukueleza inavyojisikia.

Ilipofika risasi ya tano au ya sita, goroli ilianza kugoma njiani. Masizi yalikuwa yameshika. Dawa yake ni kiraka kilicholoweshwa maji kidogo, kushuka na kupanda mara moja, kisha kikavu. Tukafanya hivyo kila baada ya risasi chache na mdeki ukawa unateremka bila kubishana.

Goroli kavu nayo niliionja siku hiyohiyo. Nilikuwa nasimulia jambo, mdomo unakwenda, mikono inakwenda, nikaweka kiraka, goroli, nikashindilia vizuri kabisa, nikavalisha fataki. "Ta." Kimya. Nikataka kugeuza mtutu nione kuna nini.

"Likikataa kulia usilichungulie!" Nikabaki nimelielekeza kwenye shabaha huku yeye akihesabu kwa sauti mpaka sitini, maana moto unaweza kuwa unatambaa. Hakukuwa na moto wowote. Hakukuwa na baruti. Mstari wa mdeki ulimwambia mara moja: goroli ilikuwa imekaa chini kuliko inavyopaswa. Akafungua chuchu kwa spana yake ndogo, akadondosha chembechembe za baruti kwenye tundu, akazipenyeza kwa sindano, akarudisha chuchu, akaisukuma goroli tena kwa mdeki kuhakikisha haikuhama. Fataki mpya. Ilitoka kwa sauti ya kikohozi cha mgonjwa, ikaanguka karibu. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo nikishindilia sizungumzi, na anayenisemesha simjibu.

Hayo yote yalikuwa siku moja. Kusafisha kulinichukua miezi mitatu, kwa sababu kila nilipoponya kosa moja nilizaa jingine.

Nilipompelekea mtutu wenye kutu, hakuniuliza nilitumia kitambaa gani. Aliuliza, "Maji ulitia?" Nikamwambia nani anatia bunduki maji. Akanieleza baruti ni nini: asilimia 75 shura, ile chumvi ya nitrati ya potasiamu, 15 makaa, 10 salfa. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki chembe ngumu, nyingine zikitoka na moshi, nyingine zikiganda ndani. Nyingi ya chembe hizo ni chumvi za potasiamu, na chumvi hizo zinavuta unyevu wa hewani usiku kucha. Mafuta hayayeyushi chumvi, kila anayepika anajua hilo. Mafuta yangu ya mashine yalizifunika kama blanketi, yakachanganyika na masizi yakawa lami, na chini ya lami ile unyevu na chuma vikabaki peke yao kufanya watakavyo.

Gobore langu limeundwa kwa namna ambayo ukichomoa kabari moja ubavuni na kuinua mtutu kwa mbele, unatoka kwenye ubao wake. Nilifungua chuchu, nikasimamisha tako la mtutu kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, nikaingiza mdeki wenye kiraka kilichobana. Ukivuta juu, mtutu unanyonya maji kupitia tundu la chuchu. Ukisukuma chini unayatema. Ni bomba la baiskeli kabisa. Mara ya kwanza kusukuma, maji yaligeuka wino. Na ile harufu ya yai viza ikapanda, safari hii kali, ikinitoa machozi. Mzee alionekana kuifurahia. Nilibadilisha maji mara tatu mpaka yakatoka jinsi yalivyoingia, kisha viraka vikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho kikatoka na weupe wake.

Kutu ya juujuu ilitoka kwa brashi ya shaba. Madoa mawili yalibaki, nikiangaza taa nayaona mpaka leo.

Mara iliyofuata nikajifanya mjanja. Nilisikia maji yanayochemka yanasafisha haraka na mtutu unajikausha wenyewe kwa joto. Ni kweli unajikausha. Pia unashika moto kiasi cha kuunguza vidole, na kabla sijapata kitambaa cha kuushikia, ndani palishakuwa na vumbi jembamba la rangi ya chai. Chuma cha moto kilicho uchi na kilicholowa kinapata kutu ukikitazama. Nikarudi kwenye maji ya uvuguvugu na subira.

Mara ya tatu nilikausha vizuri, nikapaka mafuta, nikayapaka mengi kwa hofu ya yaliyopita, nikalisimamisha kabatini mdomo juu. Wiki mbili baadaye uwanjani: "ta." Kimya. Fataki ya pili: "ta." Mafuta yote yalikuwa yameteremka yakajaa kwenye njia ya moto, nami nilimimina baruti juu yake bila kupiga zile fataki mbili tupu. Sasa napaka utando mwembamba tu, nalisimamisha mdomo chini juu ya kitambaa kwa siku ya kwanza, na kabla ya kushindilia nafuta kila tone.

Chuchu nayo ilinifunza kivyake. Niliirudisha kavu bila kupaka grisi kwenye nyuzi zake, ikaganda, na kuifungua ilibidi niiloweke usiku mzima kwa mafuta ya kulegeza. Mikono yangu huwa naiosha kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa sababu risasi ni sumu hata ikiwa imetulia kwenye goroli.

Jumapili iliyopita nilipiga risasi ishirini na mbili. Nilipotoka uwanjani sikukaa kupiga soga. Ndoo ilikuwa tayari, na nilitia maji kabla sijavua viatu. Jumatatu nikapitisha kiraka chenye mafuta kidogo: kijivu kidogo, si kahawia. Nikafuta, nikapaka upya. Jumatano nikafungua kabati, nikainusa hewa kwanza kama ilivyo desturi yangu siku hizi. Nta ya nyuki tu. Nikateremsha mdeki, nikautoa, nikakipeleka kiraka dirishani kwenye mwanga. Kilikuwa na rangi ya mafuta, basi. Nikakitupa nikafunga kabati.